Mistari Sita Iliyorukwa

Kiongoroni, 21 Juni 2023

Mwanangu Zuhra,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, kifua tu kinabana asubuhi, usianze kuhangaika. Wewe je, unakula? Wifi yangu Siti anasema mafundi cherehani wa Kibiti wanashinda na chai na andazi moja. Nikamwambia mwanangu si mjinga, lakini hata hivyo niandikie unachokula.

Mfuko wako nimeupata. Nilipousikia uzito nikadhani sukari. Nafungua, vitabu vitatu. Vya mapenzi. Kimoja kina picha ya mwanamke kalegea mikononi mwa mwanamume kama mgonjwa wa kipindupindu anapelekwa zahanati. Nikakigeuza kifudifudi haraka Siti asikione, na akakiona.

Zuhra, mimi ni kizuka. Baba yako hana hata mwezi kaburini. Nimekaa ndani na nguo zangu nyeupe, sijipaki mafuta ya kunukia, sitoki, hata pale gatini penye mtandao sifiki, ndiyo maana tunaandikiana barua kama watu wa zamani. Na wewe unaniletea watu wanaokumbatiana. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Kidole changu nakitunzia Msahafu. Vitabu vyako vitarudi na boti ya Jumamosi.

Jambo la maana ni ile barua ya posa ya Abubakary. Bado imo kwenye sanduku la baba yako, imefungwa kwenye leso yao kama alivyoiacha. Aliipokea wiki mbili kabla hajafa, akasema atajibu baada ya mavuno. Sasa baba yako mdogo Sadala amewaambia watu wake Abubakary huko Salale wangoje nitoke eda, tarehe mbili Oktoba, siku hiyo wapewe jibu lao. Kijana mtulivu, fundi wa mashine za boti, kazi yake iko mikononi mwake. Mimi nataka iwe ndiyo. Nimebaki peke yangu, na nikifumba macho nakuona nawe huko peke yako.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 29 Juni 2023

Mama, shikamoo.

Nakula. Wali, maharage, Ijumaa samaki. Siti aache uzushi.

Vitabu usivirudishe. Miezi minne na siku kumi ukitazama ukuta utaugua, na mimi siwezi kuja kila wiki. Soma kimoja tu, hata nusu.

Kuhusu posa. Ile barua niliisoma kabla baba hajaifunga. Salamu mistari kumi na minne, ukoo wao, ukoo wetu, halafu mstari mmoja: wanaomba ua lililomo bustanini mwetu. Jina langu halimo. Ungebadilisha neno moja ingetosha kuombea mbuzi. Na Abubakary mwenyewe, kila nikifika Nyamisati na mfuko wako wa kupakia botini, anaupokea, ananiambia "umefika", anarudi kwenye mashine yake. Umefika. Kana kwamba mimi ni bando la mabati.

Kuna watu wanaojua kusema, mama. Nataka uwaone. Baba aliwahi kukwambia anakupenda?

Mwanao,
Zuhra


Kiongoroni, 12 Julai 2023

Zuhra mwanangu,

Siti kanivunia mpunga wangu wote, ule ambao ndege waliuacha. Mimi nimekaa ndani nawasikia wenzangu wakiimba mashambani, nikakasirika, nikafungua kitabu. Usifurahi. Nimekifungua kwa hasira.

Nimekimaliza kwa siku tisa. Huyo Jenifa ni mpumbavu. Anazimia mara nne. Mara ya kwanza kwa barua, mara ya pili kwa mvua, mara ya tatu kwa kumwona mtu aliyekuwa akimngoja. Mtu unayemngoja akifika unazimia, sasa ulikuwa unamngojea nini. Ya nne sikuielewa. Katika kitabu kizima hajapika hata chai. Na huyo bwana wake tajiri, kazi yake ipi? Kila saa kasimama dirishani anawaza. Anamletea maua. Wiki ya pili, maua tena. Hakuna anayeona kwamba mwenzake hajala tangu ukurasa wa thelathini.

Nimehesabu "nakupenda" arobaini na tatu. Siti anasema nimeruka mbili.

Ndivyo unavyotaka Abubakary awe? Asimame dirishani? Na boti itatengenezwa na nani?

Ulichouliza kuhusu baba yako sikukiona vizuri, wino ulikuwa hafifu.

Leta kingine nikitukane. Chenye gamba la heshima.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 20 Julai 2023

Mama, shikamoo.

Wino ulikuwa mweusi kabisa. Lakini sawa.

Nimecheka juu ya Jenifa mpaka nikashona mkono wa gauni mahali pa shingo. Nakuletea viwili vingine. Hiki cha daktari na muuguzi nimekisoma mwenyewe, hiki kitakunyamazisha. Chekundu sijakisoma. Vyote vimetoka kwa Samadu, jina lake Abdulswamadu, mwenye duka la fotokopi na vitabu vya kukodi hapa stendi. Chekundu hakikuwa kwenye rafu, kilikuwa kwenye droo yake. Alikuwa kaenda kuswali, nikakichukua, nitamwambia.

Samadu anajua kusema, mama. Ipo siku nitakueleza.

Zuhra wako


Kiongoroni, 3 Agosti 2023

Mwanangu,

Vitabu vimefika vimevimba kama maandazi na vinanuka oili. Boti ilikwama kwenye mchanga karibu na Salale, maji yakaingia, mfuko ukalowa. Abubakary akavianika juu ya mashine, karatasi moja moja. Alikuja navyo mpaka mlangoni, mimi nikiwa nyuma ya pazia, nikamsikia anamwambia Siti: "Mwambie mama anisamehe. Cha daktari kimepoteza karatasi tano za mwisho, zilishikana zikachanika." Sauti kama ya mtu aliyegonga ng'ombe wa watu. Nikasema kwa sauti asikie, hakuna kilichopotea, ni upuuzi tu.

Sasa sikiliza. Wanawake wanaokuja kunitazama ukizukani walikuwa wanakaa kidogo, pole mama, Mungu akupe subira, wanaondoka. Siku hizi wanakuja na ukili wao wanasuka mpaka alasiri. "Enhe, daktari kasemaje?" Nawasomea. Mmoja anataka daktari afukuzwe kazi, maana wagonjwa wamejaa yeye kasimama kwenye korido anashika mkono wa mtu. Siti anasema muuguzi angepewa shamba la kufukuza ndege wiki moja tu, mapenzi yangemtoka. Wote wanadharau, na kesho wote wanarudi.

Tumefika pale muuguzi kakaa kituo cha mabasi na sanduku lake, daktari anakimbia, basi limewasha taa, na karatasi zinaishia hapo. Sijali. Wenzangu ndio wanaouliza kama alifika.

Huyo Samadu ni mtoto wa nani? Umesema ipo siku utanieleza. Hiyo siku isiwe mbali, kifua changu hakipendi kungoja.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kiongoroni, 14 Agosti 2023

Zuhra,

Boti imeharibika, barua hii italala kwa Siti mpaka itakapopona. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hiki chekundu kimenishinda kunyamazia.

Ndicho kibaya kuliko vyote. Tena mtu kakichora kwa penseli. Kila baada ya kurasa chache kuna maneno yamepigiwa mstari, na pembeni majina ya wasichana. Hadija. Elina. Habiba. Tena Hadija. Naona ni wasomaji walionitangulia, kila mmoja kaandika jina lake pale palipomliza. Watu wana nafasi. Ukurasa wa themanini na moja una majina matatu, nikasema hapa ndipo penye asali, nikasoma polepole. Bwana anamwambia bibi:

"Kabla yako moyo wangu ulikuwa nyumba isiyo na dirisha. Uliingia bila kubisha, ukafungua madirisha yote, na sasa hata upepo unaocheza na nywele zako naujua kwa jina."

Haya. Nyumba haina dirisha. Halafu kafungua madirisha yote. Kayatoa wapi? Na anayeingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, huku kwetu anaitiwa watu. Na huo upepo unaitwa nani, Mwinyimvua? Tulicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Sasa ukimwagika uji humu ndani, mtu anasema "nimefungua madirisha yote".

Chini ya yale majina matatu kuna herufi Z, penseli mbichi, bila jina kamili. Huyo wa mwisho alikuwa mvivu hata wa kuandika.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 15 Agosti 2023

Mama yangu,

Siku yenyewe imefika. Nasikia boti imeharibika, basi barua hii naipitisha kwa mashua ya mtu anayekuja huko kununua kamba wabichi.

Samadu anataka kuja kwa baba mdogo Sadala. Sikutaka kukwambia ukiwa kwenye msiba, lakini miezi mitano sasa tunazungumza, kwa adabu, dukani mbele ya watu na kwenye simu. Kwa hiyo nakuomba, wale wa Salale wasijibiwe ndiyo. Mwambie baba mdogo leso irudi.

Najua utasema maneno ni upuuzi wa vitabuni. Basi nakunakilia aliyoniandikia jana, maneno yake mwenyewe, yametoka kifuani kwake:

"Zuhra, kabla yako moyo wangu ulikuwa nyumba isiyo na dirisha. Uliingia bila kubisha, ukafungua madirisha yote, na sasa hata upepo unaocheza na nywele zako naujua kwa jina."

Niliposoma nilisimamisha cherehani. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akanifikiria hivyo. Yule mwingine ananiambia umefika.

Mwisho wa daktari sikwambii mpaka ukiri kwamba ni wewe unayetaka kujua.

Zuhra


Kiongoroni, 22 Agosti 2023

Mwanangu, mwanangu,

Barua zetu zimepishana majini. Yangu utakuwa umeshaisoma.

Nilicheka, Zuhra. Sikujua nacheka nini. Yako ilipofika wanawake walikuwa hapa na ukili wao, wakasema tusomee. Nikaianza kwa sauti, nikafika penye dirisha, nikaikunja. Nimewaambia unasalimia.

Sitaki uchukue neno langu. Kitabu nakurudishia, ukurasa wa themanini na moja, tazama kwa macho yako na hizo penseli. Wewe unafunga ushungi tangu darasa la pili, upepo gani umeziona nywele zako? Hata kubadilisha hapo hakubadilisha. Ameona uvivu.

Sikudharau wewe. Namdharau yeye, na nitakuwa namdharau mpaka nizikwe. Niandikie. Hata mstari mmoja tu: nakula, au sili.

Mama yako


Kiongoroni, 6 Septemba 2023

Zuhra,

Boti imekuja mara nne. Hakuna kitu chako.

Jumatatu nilivaa kandambili nikafika mlangoni. Kutoka hapa mpaka gatini ni mwendo mdogo, mtandao upo, ningeisikia sauti yako. Siti akasimama katikati ya mlango kanyoosha mikono kama anazuia mbuzi. "Kizuka ukitoka leo watakusema mpaka kwa wajukuu." Nikamwambia waseme. Akasema, "Wifi, kaa. Nitamtuma mtu." Akaenda gatini akamwambia Abubakary akutazame.

Amerudi jana. Kasimama nje ya pazia: "Yupo. Anashona. Amekonda." Nikauliza, kasemaje? "Hakusema, nami sikumwuliza, mama." Sikumwambia kwa nini namtuma, na hilo pia hakuliuliza.

Amekonda, anasema. Kula, mwanangu. Nikasirikie huku unakula.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 10 Septemba 2023

Mama, shikamoo.

Nakula.

Barua yako ya madirisha niliifungulia stendi, nimesimama. Nikaisoma mara mbili. Halafu nikakaa juu ya gunia la mtu.

Elina ni muuguzi wa hapa, nilimshonea sare. Nilimwuliza. Akatoa simu yake akanionyesha. Madirisha yale yale, ya mwezi wa tatu. Tukatazamana, akasema, "Na nywele zangu mimi nilikuwa nimenyoa."

Kitabu kilipokuja nilikwenda nikamwekea Samadu mezani, nikakifungua pale pale. Alicheka. Akasema maneno ni ya watu wote, kwani mwandishi kayaoa? Halafu akaniuliza kama nimemalizana nacho, kinahitajika.

Umeshinda, mama. Cheka na wenzako. Wale wa Salale wajibuni ndiyo, andikeni mnavyotaka, mimi sina neno. Wanaume wote ni mmoja. Bora huyo asiyesema kitu, angalau hana cha kunakili. Vitabu vilivyobaki washia moto.

Zuhra


Kiongoroni, 18 Septemba 2023

Mwanangu Zuhra,

Miezi mitatu nimeitaka hiyo ndiyo. Imefika, nimeiweka mbele yangu, na siitaki. Ni ndiyo ya mtu anayetupa kitu shimoni asikione tena.

Vitabu sijavichoma. Kuni zipo.

Mwezi wa sita uliniuliza swali. Wino haukuwa hafifu. Baba yako hakuwahi kuniambia. Miaka ishirini na sita. Nisimsingizie marehemu, mazuri wala mabaya: hakunipiga, hakunilaza na njaa, alikuwa mkali wa ulimi mpaka ulipofika darasa la tano, baadaye akapoa, na mimi nikamzoea. Kama alinipenda, sijui. Sikumwuliza, naye hakuniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Nilitoka kisimani nikakuta wageni wameshakula wali, mama yangu akaniambia nenda kaoge, umeposwa na umekubali. Ndoo ilikuwa bado kichwani.

Nimesoma vitabu vitano sasa na nilichosema nakishikilia. Ni upuuzi. Wanawake wake wajinga, wanaume wake wavivu. Lakini wajinga wale wote, Jenifa na kuzimia kwake, muuguzi na sanduku lake, kila mmoja wao aliulizwa. Bwana anafika, anasema upumbavu wake, halafu ananyamaza, anangoja aambiwe. Kila nikifika hapo nanyanyua kidole. Wenzangu wanasema endelea, nawaambia macho yanauma.

Baba yako mdogo Sadala alikuja juzi akakaa barazani, nikamwambia kupitia Siti kwamba jibu halitoki kwangu wala kwake, litatoka kwa Zuhra. Akasema desturi. Akasema nimtolee leso aandike mwenyewe. Nikamwambia leso iko chumbani kwangu, na mimi ni kizuka na yeye si maharimu wangu, kama anaijua sana desturi aingie aichukue. Ameondoka. Chai hakuimaliza.

Una siku kumi na nne. Hapana ikiwa hapana, niandikie hapana. Leso itarudi Salale na mimi nitalia kidogo, basi.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kiongoroni, 26 Septemba 2023

Zuhra,

Ndani ya bahasha hii mna karatasi nane za daftari. Zisome kwanza.

Umezisoma? Huo ndio mwisho wa daktari. Abubakary kakitafuta kitabu hicho, akakikuta kwenye gesti moja Ikwiriri, mhudumu akakataa kisitoke. Basi akakaa barazani pale siku mbili akanakili kwa mkono. Mwandiko kama kaa kapita kwenye tope. Juzi kaleta. Nikamwuliza nyuma ya pazia, "Mwanangu, siku mbili umezipotezea upuuzi?" Akasema, "Kiliharibikia kwenye boti yangu, mama." Akaaga.

Niliwasomea wanawake wote. Daktari alipofika kituoni kelele zilikuwa nyingi, Siti akawatishia kuwatoa. Halafu nikafika karatasi ya saba. Itazame. Kitabu kinakatika, na yeye kaandika kwa herufi ndogo: "Hapa kuna mistari sita nimeiruka. Si ya kumwandikia mama."

Nilisoma kwa sauti kabla sijajua nasoma nini. Siti alilala chini kwa kicheko. Mpaka leo wananiuliza hiyo mistari sita ina nini, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha. Mimi nimekaa nafikiri. Kijana alifika hapo, akasoma, akaona haya peke yake barazani kwa watu, akanifikiria mimi, akaruka, na hakutaka nidanganywe kwamba hakuna kilichorukwa. Mwenzake wa Kibiti hata nywele hakuziruka.

Sikushawishi. Ulisema hana cha kunakili, nimeona nikuletee.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 30 Septemba 2023

Mama yangu, shikamoo.

Jana niliomba ruhusa kazini nikaenda Nyamisati bila mfuko. Akaniona. "Umefika," akasema, halafu akatazama mikono yangu, haina kitu, akachanganyikiwa.

Nikamwambia, "Barua yenu ya posa haina hata jina langu." Akasema iliandikwa na mjomba wake, yeye aliitwa aweke sahihi. Nikamwuliza, ungeandika wewe ungeandika nini? Mama, alifikiri mpaka abiria wakaanza kupiga makelele wanataka kuondoka. Alikuwa ameshika spana anaifuta kwa kitambaa, anaifuta, safi kabisa. Akasema: "Ningeandika kwamba ukicheka unaziba mdomo kwa mkono ulioshika mkasi. Nilikuona siku nilipokuja kukutazama, ulikuwa umenuna, mwenzako akasema kitu ukacheka. Naogopa utajitoboa jicho."

Nikangoja. Nilidhani kuna zaidi. Akasema, "Ni hilo tu. Na unataka?"

Unataka. Halafu akanyamaza, akangoja, na boti nzima ikamngoja.

Andika ndiyo, mama. Hii sijaitupa popote. Kama baba mdogo Sadala atauliza nani kasema, mwambie ni mimi.

Zuhra


Kiongoroni, 3 Oktoba 2023

Mwanangu Zuhra,

Jana nimetoka eda. Wameniogesha, wamenivika kanga mpya, Siti kanishika mkono kama bibi harusi aliyechoka, tukaenda mpaka gatini. Mtandao ulikuwepo na simu ninayo. Sikupiga. Pale kila mtu anaongea kwa kelele na kila mtu anasikiliza, na haya si ya gatini.

Nilitoa leso nikamkabidhi baba yako mdogo Sadala mbele ya watu. Nikamwambia, Zuhra ameulizwa, amekubali, sasa andika salamu zako mistari kumi na minne, ila jina lake liwemo. Alinitazama. Kaliandika mara mbili, mtu huyu akisusa anasusa sawasawa.

Abubakary alikuwa kwenye boti. Mara yangu ya kwanza kumwona uso tangu msiba, miezi yote nilikuwa na sauti tu. Ana sikio moja kubwa, hukuniambia. Akainua kichwa akasema, "Umefika, mama." Nimelisikia kwa masikio yangu anavyolisema. Mabati hayaambiwi hivyo.

Sasa natoka, nina shamba la kutayarisha, sina nafasi ya vitabu. Hao wanawake wamekuja leo na ukili wao kama kawaida, nikawaambia eda imekwisha, nendeni makwenu. Wamekaa. Ukipata kingine kilete, wasije wakanizoea bure. Kisiwe cha matajiri wa madirishani. Kile cha muuguzi kilikuwa na afadhali, yule msichana alikuwa na kazi.

Na ile mistari sita, kitabu unacho kichwani, unaijua. Usiniandikie. Kwanza muulize Abubakary kama anaikumbuka.

Mama yako anayekupenda. Nimeliandika moja tu, halihitaji arobaini na tatu.

Mwanaharusi